Gurudumu la Pili

Asubuhi ile boila ilikuwa na presha nzuri, na mke wangu alikuwa wa tatu kwenye orodha ya upasuaji. Nayaweka mambo hayo mawili mwanzoni kwa sababu mengine yote yalitoka humo.

Nilikuwa mtunza boila wa hospitali. Kwa asiyeijua, boila ni tangi la chuma, refu kama chumba cha kulala, linalochemsha maji mpaka yawe mvuke. Mvuke hupita kwenye mabomba na kwenda jikoni, kwenye chumba cha kufulia nguo, na kwenye ile mashine inayotakasa vyombo vya upasuaji. Anayeingia hospitali huona makoti meupe na harufu ya dawa humpiga puani. Haulizi joto linatoka wapi. Lilitoka kwangu.

Tulikuwa na boila mbili. Moja ilikuwa mpya, imepakwa rangi nyeupe, tukaiita Bwana Harusi. Bwana Harusi alikuwa amefunguliwa tumbo tangu mwaka uliotangulia, akisubiri kipuri ambacho barua zake zilizunguka ofisini mpaka zikachakaa pembe. Ya pili, nyeusi, ya zamani kuliko ajira yangu, ndiyo iliyoibeba hospitali nzima. Hiyo jina lake Bi Mkubwa. Aliyeipa jina ni mke wangu, miaka mingi nyuma, siku niliyokosa harusi ya mdogo wake kwa sababu ya bomba lililopasuka. Alisema, "Mimi nilidhani nimeolewa peke yangu. Kumbe nina mke mwenzangu, tena mweusi na mnene, na kila siku anakunywa mafuta." Tangu siku hiyo, nikichelewa, alikuwa akiuliza Bi Mkubwa ameamkaje.

Sikuzaliwa na cheti mkononi. Niliingia pale kama mpakua mizigo. Nilipofika miaka thelathini na minane nikajiandikisha shule ya usiku, nikakaa miaka minne kwenye dawati la mbele pamoja na vijana walioniita babu. Nilijifunza hesabu za joto na presha, nikajifunza pia kuandika sentensi yenye mwanzo na mwisho. Nikapata cheti cha daraja la tatu. Hospitalini wakaanza kuniita Profesa, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, na niliwaitikia wote kwa sauti ileile. Daftari la zamu lilikuwa langu. Hakuna ukurasa wenye mkwaruzo. Kwa miaka kumi na saba sikuandika namba ambayo jicho langu halikuiona.

Sasa, mke wangu. Alikuwa na uvimbe tumboni. Picha ya kwanza ilionyesha kitu cha ukubwa wa limau. Daktari wa upasuaji wa aina ile hakuwa wetu. Alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye haraka, aliyekuja kutoka mbali kila baada ya miezi miwili, akapasua watu wanne kwa siku moja na kuondoka jioni. Mara ya kwanza zamu ya mke wangu iliahirishwa kwa kukosa damu. Mara ya pili gari la daktari lilikwama njiani. Kufika mara ya tatu, limau lilikuwa limekuwa chungwa. Daktari alinishika kiwiko kwenye ngazi akaniambia, "Safari hii tusikose, mzee. Bado haujagusa ini. Bado." Lile "bado" la pili nililielewa vizuri. Sikwenda shule bure.

Jumatatu jioni, saa ya kutazama wagonjwa, tulikuwa kitandani kwake, kitanda namba saba, mimi na binti yetu. Binti yetu ni mshonaji wa sare za shule, ana ulimi wa mama yake.

"Kesho ni Jumanne," mke wangu alisema.

"Najua."

"Jumanne ndiyo siku yako ya kumvuta sikio mke mwenzangu."

Alikuwa anasema juu ya vali ya usalama. Juu ya boila kuna vali ambayo presha ikizidi hufunguka yenyewe na kuutoa mvuke nje, ili tangi lisipasuke. Vali hiyo ina mpini mfupi. Kila Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtunza boila huvuta mpini kwa mkono. Vali ikinyanyuka na kupiga mluzi, ni nzima. Isiponyanyuka, imeganda, na sheria inasema boila izimwe.

"Kesho usimguse," alisema.

"Mama, ile ni sheria," nikasema.

"Sheria inayoonwa na nani? Ukimwacha wiki moja atakwenda kukushtaki kwao?"

"Hajawahi kugoma hata siku moja."

"Basi ndiyo sababu mwache. Mtu hajawahi kugoma, wewe unamtekenya wa nini? Vuta Jumatano. Vuta Alhamisi mpaka ung'oe sikio lenyewe. Kesho mwache alale."

Binti yetu akacheka. "Mama, unamwomba nani? Huyu hata akiota, anaota anajaza daftari."

"Sitamgusa," nikasema.

Mke wangu alinitazama, akavuta shuka, akasema sawa. Alikuwa amekonda mpaka pete aliivaa kwenye kidole gumba.

Ningependa kuandika kwamba asubuhi ile niliamua kuvunja ahadi. Mtu aliyeamua ana kitu cha kujitetea nacho. Mimi nilipokea zamu saa kumi na mbili, nikakagua kioo cha maji, nikapunguza mafuta, nikafuta vumbi kwenye geji, kile kipimo cha presha, nikapanda ngazi ile ya chuma, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini kabla sijakumbuka ahadi yangu. Nilikumbuka nikiwa nimeushika. Nilikuwa na muda wa kuuachia. Nilijiambia nitavuta kidogo tu, nisikie mluzi, nishuke na moyo mweupe.

Haukunyanyuka. Nikavuta kwa nguvu. Nikachukua kipande cha bomba nikakipachika kwenye mpini ili niongeze nguvu, nikaning'inia kama mtoto kwenye tawi. Chuma kilikaa kimya.

Nikashuka nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ukutani, sindano ya geji ilisimama kwenye saba, mahali pake pa kila siku. Alama nyekundu ilikuwa kwenye nane na nusu. Nilijua jambo ambalo sheria hailijui: kwamba mtu akikaa mbele ya geji ile bila kupepesa, mkono kwenye gurudumu la kufungulia na kufungia mafuta, anaweza kuiendesha Bi Mkubwa siku nzima bila vali. Nilijua pia kwamba ndivyo wanavyosema wote ambao boila zao zimepasuka.

Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa na seti mbili tu za vyombo vya upasuaji wa tumbo. Zote mbili zilikuwa zimetakaswa jana yake. Mgonjwa wa kwanza na wa pili wangepasuliwa hata boila ikizimwa. Wa tatu alikuwa anasubiri seti ya kwanza itoke, ioshwe na irudi kwenye mashine ya mvuke. Kuchemsha kwa sufuria daktari alikuwa amekataa siku nyingi. Tumbo si kidonda cha ugoko. Kwa hiyo vali ile ilimzuia hasa mtu mmoja, mke wangu. Wa nne alikuwa bwana mmoja mwenye ngiri, aliyeishi nayo miaka tisa na angeweza kuishi nayo mwaka wa kumi.

Sikuwa na ruhusa ya kuzima. Cheti cha daraja la tatu huruhusu kuendesha. Kuzima boila ya hospitali kunataka saini ya injinia. Sikuwa pia na ruhusa ya kuendesha boila mbovu. Hilo ni kosa la jela. Nikaenda kwa injinia.

Injinia alikuwa kijana wa miaka arobaini, nadhifu, mwenye tai hata siku za joto. Nilimkuta anafungua ofisi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Vali ya Bi Mkubwa imeganda."

Akaacha ufunguo kwenye kitasa. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Ungeniambia saa nane mchana ningekushukuru sana."

"Nimejua sasa hivi."

"Sikia, mzee wangu. Nikisaini uzime, mkurugenzi ataniuliza daktari ametoka mbali kufanya nini. Nikisaini uendelee, ikapasuka, nitakula ugali wa serikali. Kwa hiyo mimi leo bado sijafika. Unaniona?"

"Nakuona."

"Basi hunioni."

"Injinia, niandike nini?"

"Andika unavyoandika siku zote." Akafunga tena mlango ambao hakuwa ameufungua, akachomoa ufunguo, akaondoka kwa njia ya uani. Sikumchukia. Na mimi ningekuwa na mlango wa uani ningeutumia.

Nyuma ya ukuta wa boila kulikuwa na chumba cha kufulia. Ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja. Humo walifanya kazi wanawake kumi na wanne. Msimamizi wao tulimwita Mama Povu, mnene, mcheshi, aliyewahi kumwambia mkurugenzi kwamba shuka zake za nyumbani ndizo zinazosema ukweli. Aliniita kaka, na mke wangu alimwita wifi.

"Kaka Profesa, leo umetutembelea. Wifi yangu anaingia saa ngapi?"

"Saa nne hivi. Sikiliza. Leo kazi zenu zifanyieni nje. Kule uani kuna jua."

"Nje kuna pasi?"

"Anikeni tu."

"Makoti ya thieta hayaanikwi, yanapigwa pasi ya mvuke, yakakauka na kunyooka. Wifi atapasuliwa na daktari aliyevaa nini, gunia?" Wenzake wakacheka. "Na kutoa watu kumi na wanne nje nahitaji karatasi ya matroni. Unayo?"

"Sina."

Akapunguza sauti. "Kuna nini, kaka?"

Walikuwa wanatazama wote, mikono ikiwa na povu mpaka viwiko. Yule wa pembeni alikuwa na mimba kubwa. Ningesema neno moja wangetoka mbio, hospitali nzima ingejua, na Bi Mkubwa angezimwa kabla sijarudi chumbani.

"Hakuna kitu," nikasema. "Joto tu. Naona mtateseka."

"Leo umelalia upande gani?" alisema. Nilipogeuka nilijua hakuniamini.

Basi nikafanya kile ambacho hakikuwa uamuzi wowote. Nikarudi, nikaketi kwenye ndoo, mkono kwenye gurudumu la mafuta, macho kwenye sindano. Nilikusudia kukaa hivyo mpaka vyombo vya mke wangu vitoke kwenye mashine, kisha nitangaze. Saa mbili nikasikia kwa simu kwamba mgonjwa wa kwanza ameingia. Saa mbili na nusu wale wanawake walikwenda chai, wakafunga pasi zao, mvuke ukakosa pa kwenda, na sindano ikapanda. Saba na robo. Saba na nusu. Nikafunga mafuta nusu, ikaendelea kupanda, pole pole kama mtu mwenye kiburi anayepanda ngazi. Ilifika nane. Ikasimama. Shati langu lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Ikashuka. Nikajiambia, inawezekana.

Saa tatu kamili ni saa ya kujaza daftari. Nikalivuta magotini bila kuacha kutazama geji. Maji: nusu ya kioo. Presha: saba. Moshi: mwepesi. Safu ya mwisho: vali ya usalama. Ningeweza kuiacha tupu. Ningeweza kuandika "nzima" kama nilivyoandika Jumanne mia nane na zaidi. Kalamu ilikaa juu ya karatasi, na nikaona mwandiko wangu wa miaka yote umepangwa juu yake, mistari imenyooka. Nikaandika: "Haikunyanyuka." Nilijiambia kuandika si kutenda. Hakuna aliyewahi kulisoma daftari lile. Nilikuwa nimewahi kuandika humo, kwa majaribio, kwamba paka amezaa chini ya Bwana Harusi, na injinia akapiga mhuri.

Saa tatu na dakika ishirini nesi wa thieta akapiga simu. "Profesa, seti ya kwanza imeingia kwenye mashine. Nipe mvuke wa nusu saa, usitetereke."

"Utaupata."

"Mama yuko mlangoni kwetu hapa, ameshavalishwa. Anauliza mke mwenzake ameamkaje." Nilisikia watu wanacheka nyuma yake. "Nimjibu nini?"

"Mwambie amelala."

Dakika kumi na tano baadaye injinia akaingia. Hakuja mwenyewe, alisukumwa. Mama Povu, aliponiona sieleweki, alikuwa amepiga simu ofisini kwake kuuliza mbona Profesa leo anawafukuza watu kazini. Injinia akaogopa. Alikuja kutazama nimeandika nini.

Hakunisalimu. Alichukua daftari kwenye ndoo ya pili nilipoliweka, akasoma, uso wake ukabadilika rangi. "Umeandika."

"Uliniambia niandike ninavyoandika siku zote."

"Kwa kalamu ya wino." Akageuza ukurasa, akageuza tena, kana kwamba maandishi yangedondoka. Kuung'oa ukurasa hakuweza. Kurasa zilikuwa na namba. "Sasa hili ni jambo lililoandikwa. Mtu akiuliza, mimi nilikuwa wapi? Zima."

"Vyombo viko kwenye mashine. Robo saa tu."

"Zima, mzee."

"Ni mke wangu."

"Najua ni mkeo. Unadhani nimekuja hapa kwa kupenda?" Akaelekeza kidole ukutani. "Kuna wanawake huko nyuma ya ukuta. Zima mafuta."

Kwa hilo alikuwa na haki. Nilifunga gurudumu la mafuta. Moto ukafa, chumba kikawa kimya, na katika ukimya ule nikaona njia. Naomba msomaji anielewe hapa, maana hapa ndipo penyewe. Boila isiyo na moto haiwezi tena kupandisha presha. Hatari ilikuwa imekwisha wakati ule ule. Lakini ndani yake mlikuwa bado na mvuke mwingi, wa kuitosha ile mashine dakika ishirini au zaidi. Wanawake wako salama, na vyombo vitaiva. Nilimweleza injinia kwa maneno machache, yaliyonyooka.

"Hapana," alisema. "Fungua na bomba la kutolea nje. Toa wote."

"Haina haja. Bila moto haiwezi kupanda."

"Fomu ya kuzima ina nafasi moja, nayo ni presha wakati wa kukabidhi. Lazima niandike sifuri. Siwezi kuandika sita."

"Andika sifuri baada ya robo saa."

"Na saa niandike ya uongo? Wewe ndiye wa kuniambia hivyo, wewe na daftari lako?"

Nilikuwa na majibu matatu, yamepangwa. Nilisoma usiku miaka minne, macho yakiuma, ili siku moja mtu mwenye tai akinipa neno la kijinga niweze kumjibu kwa hoja. Maneno yalikuwepo. Na gurudumu lile la pili, la kutolea mvuke nje, lilikuwa upande wangu, nyuma ya bega langu. Injinia alikuwa mlangoni, hatua sita, na hakuthubutu kukaribia. Kwa miaka yake yote pale sikuwahi kumwona akigusa chuma cha Bi Mkubwa. Kama ningekaa tu kwenye ndoo yangu nikakunja mikono, hakuna mtu katika jengo lile ambaye angelifungua.

"Hii ni amri, Profesa, au unadhani ni mjadala?" nilimsikia injinia akiuliza.

Nikainuka nikalifungua.

Mvuke ulitoka nje kwa kishindo, ukajaa uani, wanawake wakapiga kelele upande wa pili. Sindano ikashuka sita, tano, nne. Simu ikalia. Ikalia sana. Injinia alitazama saa yake ya mkononi, akaandika. Alipomaliza akasema, "Pole, Profesa," na nadhani alimaanisha.

Niliipokea simu. Nesi alisema, "Mvuke umekata. Imebaki dakika kumi na moja."

"Najua," nikasema.

Mchana nilifuta sakafu. Hapakuwa na kazi nyingine. Ilikuwa saa nane, nimeshika kitambaa, ndipo likanijia wazo ambalo mtoto wa darasa la pili angelipata: kwamba saa moja asubuhi, badala ya kumfuata injinia, ningepanda ghorofani nikamwomba daktari ambadilishie mke wangu nafasi. Awe wa kwanza. Vyombo vya kwanza vilikuwa tayari. Wa kwanza au wa pili angekubali kusogea. Ombi la maneno kumi. Sikuliona kwa sababu nilikuwa naitazama vali, na nadhani pia kwa sababu tangu nipate cheti sikuwahi kumwomba mtu upendeleo, nikajisifia hilo mbele ya watu. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote.

Jioni nilikwenda kitanda namba saba. Walikuwa wamemvua koti la thieta. Binti yetu alikuwa amesimama dirishani.

"Ulimgusa?" mke wangu aliuliza.

"Niligusa."

"Na nani alizima?"

"Injinia," nikasema. "Alikuja akazima."

"Huyo mwenye tai." Alifumba macho. "Mungu na amlipe anachostahili." Na binti yetu pale dirishani akasema amina.

Daktari alirudi baada ya miezi miwili. Vali ilikuwa mpya wakati huo, ililetwa kwa siku nne. Ikitakiwa, mambo huenda haraka. Ile ya zamani mkaguzi aliikata kwa msumeno, akatuonyesha kutu iliyoshika kwenye shina. Nilimuuliza kama ingepasuka siku ile. Alisema hakuna ajuaye, pengine ingekaa hivyo mwaka. Mke wangu aliingia wa kwanza kwenye orodha; safari hii nilikwenda kuomba, na daktari alinikubalia kabla sijamaliza sentensi. Walimfungua, wakamfunga. Ilichukua dakika thelathini. Ini lilikuwa limeguswa.

Aliishi majuma tisa, nyumbani. Nilichukua likizo yangu yote. Nilijifunza kumgeuza, kumwosha, kumpimia dawa, na niliandika saa za dawa kwenye karatasi ukutani kwa mwandiko mzuri. Alipokuwa na nguvu alimsema injinia. Alimsema kwa ufundi, mpaka mimi na binti tukacheka. Mtu akiumwa hivyo, kuwa na wa kumlaumu ni kama mto wa kulalia, na mimi ndiye niliyeuweka chini ya kichwa chake. Mara mbili nilitaka kumwambia ni mkono wangu. Mara ya kwanza alikuwa amelala. Mara ya pili alikuwa macho.

Katikati ya majuma hayo barua ililetwa nyumbani, yenye mhuri wa mkurugenzi. Ilinipongeza kwa uamuzi wangu wa haraka na wa busara uliolinda maisha ya wafanyakazi kumi na wanne. Binti aliisoma kwa sauti, akaikunja mara nne. "Uamuzi wako, baba," alisema. "Hata hawajui ni nani aliyeamua."

Siku ya tatu ya msiba injinia alikuja. Hakuvaa tai. Alipita kati ya viti vya uani, watu wakimpisha, akafika nilipokaa na Mama Povu na ndugu wa marehemu, akanyoosha mkono. Kabla sijaupokea, binti yetu akawa amesimama kati yetu.

"Wewe rudi ulikotoka," alisema. Hakupaza sauti. "Mama yangu alifungiwa mvuke na wewe. Dakika kumi na moja. Leo unakuja kula wali wake?"

Injinia alinitazama mimi juu ya bega la binti yangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyefika dirishani na karatasi yake iko sawa. Alijua ni nani aliyefungua lile gurudumu, na nini nilimwambia kabla ya kulifungua. Ilitosha niseme, "Mwanangu, mwache, kaa chini." Maneno manne.

Nikatazama viatu vyangu.

Niliposikia hatua zake zinatoka getini, Mama Povu alinishika mkono akasema, "Vizuri, kaka. Wengine hawastahili hata salamu." Nikamwitikia kwa kichwa.

Hayo ni ya miaka kumi na moja iliyopita. Injinia amestaafu mapema, anaishi mtaa wa pili. Tukikutana dukani ananiamkia na mimi namwitikia, ikiwa binti yangu hayupo. Akiwepo, napita.